Mama, Mwambie Binti Yako Mapema

Kengele ya mwisho ilikuwa imekwisha kulia. Wanafunzi wa mwaka wa sita walitoka mbio kama ilivyo desturi yao, ila msichana mmoja alibaki ameketi katika benchi lake, mikono juu ya magoti, macho chini. Tulimwita atoke ili tufunge darasa, hakuinuka. Tulimwita tena kwa ukali, tukamwita mvivu na mkaidi mbele ya wenzake waliokuwa wakichungulia dirishani. Ndipo akaanza kulia. Mwishowe Sista mmoja alikuja, akatutoa nje, akamfunga binti yule kitenge kiunoni na kumsindikiza mpaka kwao.

Tuliyafahamu mambo yale jioni tu, tena kwa kuambiwa. Binti alikuwa ameona damu kwa mara ya kwanza, akadhani kwamba ameumia ndani na kwamba atakufa. Nyumbani hakuna aliyekuwa amemwambia neno lolote. Na sisi tuliosoma seminari, tuliojua kunyambua vitenzi vya Kilatini na kutaja wafalme wa Roma kwa mpango, hatukujua kumtambua mtoto aliyehitaji msaada wetu. Binti yule hakurudi tena darasani. Kwao walisema: «Amekwisha kuwa mtu mzima.» Mwaka haujaisha, tukasikia ameolewa.

Miaka imepita, lakini benchi lile hatujalisahau. Ndiyo sababu twawaandikia leo, wazazi wapenzi, nanyi wanafunzi wetu wakubwa, juu ya jambo ambalo watu wengi hulipita kimya.

Haya na kimya ni vitu viwili

Wasomaji wengine watashangaa: je, yafaa gazeti la familia za Kikristu liseme habari za hedhi, yaani damu ya kila mwezi ya wanawake? Twajibu: yafaa, tena yatupasa. Haya ni fadhila njema. Hutufundisha kuyasema mambo ya mwili kwa maneno safi, mahali panapofaa, mbele ya mtu anayestahili kuyasikia. Lakini kimya si haya. Kimya humwacha mtoto peke yake pamoja na hofu yake, kisha humpeleka kwa walimu wabaya: rafiki asiyejua zaidi yake, picha za katika simu, au kijana mwenye nia mbaya. Wazee walisema: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu, ndugu wapenzi, haufundishi kwa upole.

Mwili wa binti hukomaa namna gani

Mwenyezi Mungu hakumwumba mwanadamu akue kwa siku moja. Kwa msichana, badiliko la kwanza huonekana mara nyingi kati ya miaka 8 na 13: matiti huanza kuchomoza, pengine moja kabla ya jingine, wala hilo si jambo la kutia wasiwasi. Kisha nywele huota kwapani na sehemu za siri, urefu huongezeka upesi, nyonga hupanuka, jasho hupata harufu, chunusi hutoka usoni. Mara binti hucheka, mara hulia, asijue mwenyewe kwa nini. Miezi kadhaa kabla ya hedhi ya kwanza aweza kuona ute mweupe katika nguo yake ya ndani. Ute huo, kama hauwashi wala haunuki vibaya, ni wa kawaida.

Damu ya kwanza huja yapata miaka 2 baada ya matiti kuanza. Wengi huiona wakiwa na miaka 12 au 13. Wengine huiona mapema, wakiwa na 10, na wengine hukawia mpaka 15. Basi mama asihesabu umri tu, bali aangalie dalili. Matiti yakianza, wakati wa kusema umefika.

Ni kitu gani kinachoamuru mabadiliko hayo yote? Chini ya ubongo iko tezi ndogo isiyozidi punje ya haragwe. Tezi hiyo hutuma katika damu ujumbe uitwao homoni. Ujumbe hufika kwenye ovari, yaani viungo viwili vinavyotunza mayai ya mwanamke, kimoja upande wa kuume na kimoja upande wa kushoto, chini ya tumbo. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, yapata milioni 1 au 2. Mengi hufa yenyewe. Akifika wakati wa kubalehe yamebaki kama 300,000 au 400,000, na katika maisha yake yote ni 400 au 500 tu yatakayokomaa na kutoka.

Mzunguko wa mwezi

Kila mwezi tumbo la uzazi hujitayarisha kama nyumba inayomngojea mgeni. Utando laini wenye damu nyingi huota ndani yake. Halafu ovari moja hutoa yai. Yai likikutana na mbegu ya mwanamume, mimba hutungwa, na utando ule humpokea mtoto na kumlisha. Mimba isipotungwa, utando hauna kazi tena. Hubomoka na kutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi, ambayo wengi wetu twaiita kuona mwezi. Si damu ya jeraha, wala si uchafu uliokusanyika mwilini. Ni kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya mgeni ambaye hakuja.

Siku ya kwanza ya damu ndiyo siku ya 1 ya mzunguko. Kutoka hapo mpaka damu inayofuata, wanawake wengi huhesabu siku 21 mpaka 35. Siku 28 zinazotajwa na watu ni wastani tu, si sheria. Kwa msichana, katika miaka ya kwanza, mzunguko waweza kufika siku 45, mwezi mmoja ukawahi na mwingine ukakawia. Damu hutoka siku 2 mpaka 7. Macho huiona nyingi, lakini kwa kawaida jumla yake ni kama vijiko vikubwa 2 au 3 tu. Twawashauri wasichana watie alama katika kalenda kila mara inapoanza, ili wajue mwendo wa mwili wao wasije wakashtukizwa.

Kwa muda mrefu hata waganga wa Ulaya hawakujua yai hutoka siku gani. Katika miaka ya 1920 Kyusaku Ogino, daktari wa Japani, na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa utafiti wake, walionyesha kwamba yai hutoka yapata siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Tarehe 29 Oktoba 1951 Papa Pio XII aliwaeleza wakunga wa Italia kwamba watu wa ndoa, wakiwa na sababu nzito, waweza kuzifuata siku zisizo na uzazi. Naye Papa Paulo VI alilithibitisha fundisho hilo mwaka 1968 katika barua yake Humanae vitae.

Lakini twawaonya vijana: elimu hiyo ni ya watu wa ndoa, si ya kuchezea. Mzunguko wa msichana haujatulia, wala hakuna awezaye kuzihesabu siku zake kwa hakika. Tena yai la kwanza laweza kutoka kabla ya damu ya kwanza, hata msichana aweza kupata mimba asijaona mwezi hata mara moja. Anayemdanganya binti kwamba «siku hizi hakuna hatari» ni adui yake.

Si ugonjwa, wala si unajisi

Katika jumuiya zetu wako wanawake wasiothubutu kupokea Komunyo siku hizo. Wako wasichana wanaojitoa katika kwaya bila kusema sababu. Twataka kuwatuliza mioyo.

Ni kweli, sheria ya Musa katika kitabu cha Walawi, sura ya 15, ilimhesabu mwanamke mwenye hedhi kuwa najisi kwa siku 7. Lakini tufungue Injili ya Marko Mtakatifu, sura ya 5. Mama mmoja aliyetokwa damu miaka 12 alijipenyeza katika umati wa watu, akaligusa vazi la Yesu. Kwa sheria ile mguso wake ulikuwa unajisi. Bwana hakumkemea, alimwita kwa jina la binti, akamwacha aende kwa amani, mzima. Na saa ile Bwana alikuwa njiani kwenda nyumbani mwa Yairo, ambako alimshika mkono msichana aliyekuwa amekufa, akamfufua. Msichana huyo alikuwa na miaka mingapi? Miaka 12. Mama aliyeteswa na damu na mtoto aliye mlangoni pa utu uzima walikutana na Bwana siku moja. Wote wawili aliwarudishia uzima, wala hakumwaibisha hata mmoja.

Kanisa nalo lilijibu swali hili zamani. Yapata mwaka 601 Mtakatifu Augustino, askofu wa kwanza wa Canterbury katika Uingereza, alimwuliza Papa Gregori Mkuu kama mwanamke mwenye hedhi aweza kuingia kanisani na kupokea Komunyo. Papa alijibu kwamba asikatazwe, kwa maana jambo la maumbile si kosa lake. Na yule anayejizuia mwenyewe kwa heshima asilaumiwe. Jibu hilo limehifadhiwa na Beda Mheshimiwa katika historia yake aliyoimaliza mwaka 731. Basi tusiwatwike binti zetu mzigo ambao Papa aliuondoa zaidi ya miaka elfu na mia nne iliyopita.

Wala si kweli kwamba mkono wa mwanamke siku hizo huharibu chumvi ya chakula au hunyausha maboga shambani. Mwanamke apumzike kwa sababu amechoka, lakini asitengwe kama mwenye ukoma.

Waliyoyajua wazee wetu

Mtu asidhani kwamba twaleta desturi ngeni. Katika msitu wa Ituri, Wambuti waliipokea damu ya kwanza kwa furaha. Colin Turnbull, Mwingereza aliyekaa nao katika miaka ya 1950, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba walisema binti amebarikiwa na mwezi. Wakati wa elima, binti alikaa katika nyumba moja pamoja na rafiki zake, na mama mwenye kuheshimiwa aliwafundisha nyimbo na mambo ya wanawake.

Upande wa kusini, Wabemba wa Zambia, walio jirani na ndugu wa watu wengi wa Katanga, walikuwa na chisungu. Bibi Audrey Richards aliiona mwaka 1931, akaieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1956. Mama mfundishaji, nachimbusa, alimwonyesha mwali vinyago vya udongo viitwavyo mbusa. Kila kinyago kilikuwa na wimbo wake na fundisho lake juu ya nyumba, mume, watoto na usafi. Wamisionari wengi wa zamani waliipinga desturi hiyo. Lakini baadaye Padri Corbeil, wa Wamisionari wa Afrika, alivikusanya vinyago vile kwa heshima na kuvieleza katika kitabu, ili visipotee.

Hatusemi kwamba kila jambo la ngoma zile lilikuwa jema. Yalikuwamo mateso na dhihaka, na mara nyingi binti alitoka kuchezwa akaingia ndoa akiwa bado mtoto. Lakini twajiuliza swali moja: tulipoiacha ngoma, tulimpa nani kazi ya kufundisha? Mama alimwachia mwalimu, mwalimu alimwachia Sista, Sista alidhani mama amekwisha kusema. Hapo katikati mtoto amebaki peke yake, ameketi katika benchi.

Kazi ya mama

Mama, hutakiwi kutoa hotuba ndefu. Keti na binti yako mnapochambua sombe, mkiwa wawili tu, umwambie: «Mwanangu, siku moja utaona damu katika nguo yako. Usiogope. Si kidonda wala si ugonjwa. Ni alama kwamba mwili wako unakomaa, kama wangu ulivyokomaa. Ukiiona, uje kwangu.» Mama asiyekuwapo, au anayeshindwa kusema, amtume shangazi au mama mdogo mwenye akili njema, lakini ahakikishe kwamba maneno yamesemwa.

Kisha mtayarishie vitu vyake kabla ya siku ile. Vitambaa 6 vya pamba, laini na safi, vyatosha kuanzia. Mwenye uwezo anunue pedi. Vibadilishwe kila saa 4 mpaka 6, na mapema zaidi damu ikiwa nyingi. Vioshwe kwanza kwa maji baridi, halafu kwa sabuni, vianikwe juani mpaka vikauke kabisa. Wengi huvificha chini ya godoro kwa aibu. Kitambaa chenye unyevu hukuza vijidudu na kuleta muwasho. Jua halina aibu. Vianikwe, na kama twaogopa macho ya watu, tutandaze khanga nyepesi juu yake. Binti aoge kila siku, ajisafishe kwa nje tu kwa maji safi, asitie sabuni wala dawa ndani ya mwili.

Chakula nacho ni dawa. Damu inayotoka hupunguza madini ya chuma mwilini. Sombe, lengalenga, maharage, ndakala na ini huyarudisha. Chungwa au embe pamoja na chakula husaidia mwili kuyapokea. Chai huyazuia, basi inywewe mbali na chakula. Malaria na minyoo navyo hupunguza damu. Mtoto anayechoka siku zote na kupauka viganja apelekwe kupimwa.

Maumivu kidogo ya tumbo na kiuno, siku ya kwanza au ya pili, ni ya kawaida. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaani, kutembea kidogo, au dawa ya maumivu kwa shauri la muuguzi hutuliza. Lakini mpeleke binti hospitali katika mambo haya: akifika miaka 13 bila dalili yoyote ya matiti, akifika 15 bila kuona damu, damu ikizidi siku 7, au ikilowesha kitambaa kila saa, ikikatika zaidi ya siku 90, maumivu yakimzuia kusimama au kwenda shuleni kila mwezi, au kukiwa na homa pamoja na uchafu unaonuka.

Kazi ya baba, ya mwalimu na ya wavulana

Baba, usiseme: «Hayo ni mambo ya wanawake.» Franka za sabuni na za vitambaa hutoka mfukoni mwako. Binti asiyepewa na baba yake ataombwa kitu kingine na mtu atakayempa. Tena usidhani kwamba binti aliyeona mwezi amekuwa tayari kuolewa. Ua si tunda. Nyonga yake bado yakua, na kuzaa mapema humhatarisha yeye na mtoto wake. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 yakataza ndoa na uchumba wa watoto katika Kongo, na sheria ya familia iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016 yadai miaka 18 kwa mwanamume na kwa mwanamke sawasawa.

Walimu wenzetu, tuhakikishe kwamba wasichana wana choo chao chenye mlango unaofungwa na maji karibu. Tuweke kitenge kimoja na vitambaa safi katika kabati la mwalimu wa kike, wasichana wakijua mahali vilipo. Na msichana akikataa kuinuka, tusimwite mkaidi. Tuwatoe wengine kwanza, kisha tumtume mama mmoja aende kumwuliza kwa upole.

Nanyi wavulana, mwenzenu akichafuka nguo, msicheke. Mama aliyekuzaa alipitia njia hiyohiyo, na bila njia hiyo wewe usingalikuwako. Mpe sweta yako ajifunge kiunoni, halafu nyamaza. Hapo ndipo kimya kinapofaa.

Wazazi wapenzi, binti yule wa darasa letu hakuhitaji mali wala elimu kubwa. Alihitaji maneno machache ya mama yake, yaliyosemwa miezi michache mapema, na mwalimu mwenye macho ya kuona. Kama angaliyapata hayo, pengine angalimaliza mwaka wake wa sita na kuendelea. Sisi hatuwezi kumrudishia mwaka ule. Lakini katika nyumba yako, leo jioni, yuko labda msichana wa miaka 10 au 11 anayeosha vyombo asijue lolote. Maliza kusoma gazeti hili, mama, kisha mwite aketi karibu nawe.